Simu ya Saa Kumi

Mwezi uliopita tulimzika Tata Nyokabi kwao Kalimoni, nyuma ya migomba, mvua ikinyunyiza tu kiasi cha kuharibu viatu. Mheshimiwa mmoja alifika amechelewa na bado akapewa kipaza sauti kabla ya jamaa wa marehemu. Alisema tunamzika mwanamke wa chuma. Akawakumbusha watu ule mwaka jina lake, yeye Jaji, lilipopelekwa bungeni, jinsi maadui walivyomtukana na kumtangaza amekufa, na bado akakataa kuliondoa jina lake. "Hakurudi nyuma hata hatua moja!" akasema, na watu wakapiga makofi pale pale kaburini. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa wanawake, mwavuli mkononi, na sikupiga makofi, maana mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa nikiishi naye na ninajua kwa nini hakuliondoa.  Ningesema nini, na mwenyewe yuko ndani ya sanduku? Lakini tangu siku ile silali vizuri, na mume wangu amechoka kuniuliza nina nini, kwa hivyo nayaandika.

Tata ndilo neno letu sisi Wakikuyu la shangazi. Mambo ya ukoo tuyaache, yatatumalizia karatasi. Inatosha kujua kwamba nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwa kuwa kodi ya vyumba vya mtaa wa Kahawa Sukari ilikuwa imenishinda, Tata alinipa SQ ya nyumba yake Ruiru, kile chumba cha nyuma karibu na kamba ya nguo. Kazi yangu ilikuwa kupika jioni na kumsomea magazeti macho yake yakichoka. Nyumba yenyewe ilikuwa upande wa reli. Treni ya jioni ikipita, vikombe vya kabatini vilitetemeka na Tata alinyamaza katikati ya neno hadi ipite, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Sebule ilikuwa na mapazia mazito ya kijani yasiyofunguliwa, makochi yenye vitambaa vya kufuma, na juu ya runinga picha ya mvulana aliyevaa sweta ya shule, amekunja uso kwa sababu ya jua. Huyo alikuwa Kimani, mtoto wake wa pekee. Gari lilimgonga likamuua akivuka barabara akitoka shuleni, yuko darasa la saba, miaka mingi kabla sijafika pale. Tata hakumtaja kamwe. Alipangusa ile picha kila Jumamosi kwa kitambaa chake cha kichwa, na mimi nilijifunza kutoka sebuleni akifanya hivyo.

Cheo alichopendekezwa sitakitaja, na mwaka pia nauacha, wanaojua wanajua. Kilikuwa cheo kikubwa mahakamani, cha aina ile ambayo baada ya kuteuliwa lazima wabunge wakupitishe. Ruiru nzima ilijipongeza. Hata kule Thika, alikoanza kazi kama hakimu, mama aliyemuuzia mboga siku hizo alituma mtu na gunia la kabeji. Halafu siasa ikaingia. Zamani Tata alikuwa ametoa hukumu kuhusu shamba la kahawa nje ya Ruiru, akasema wafanyakazi waliozaliwa pale wasifukuzwe ili ardhi ikatwe ploti za kuuza. Wenye zile ploti walikuwa na marafiki bungeni. Upande mmoja ukaanza kusema huyu mama anahukumu kwa machozi, si kwa sheria. Upande mwingine ukamtetea, lakini ukisikiliza vizuri unagundua hawampendi yeye, wanawachukia tu wale wengine. Kamati ilimhoji, ikagawanyika, ripoti ikarudishwa, ikaletwa tena, siku ya kujadiliwa wabunge wakatoka nje kwa hasira na wachache waliobaki wakaambiwa hawatoshi. Nilikuwa nikitazama hayo yote kwenye runinga nikimenya viazi, na nilitukana sana. Tata aliniambia, "Wairimu, punguza mdomo, utajikata kidole."

Siku moja alikwenda Nairobi mbele ya ile kamati tena. Mimi nilitoka chuoni mchana, na nilipokata kona ya nyumbani nikaona tenti. Tenti mbili nyeupe, moja ndani ya uwanja wetu na nyingine nje ya lango, na viti vya plastiki vinashushwa kwenye pikapu. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuwa tayari jikoni kwangu wakiwa na sufuria zao kubwa. Mmoja aliponiona alinikumbatia akaanza kulia. "Pole mtoto wangu. Pole. Amekwenda vibaya jamani." Nikauliza nani amekwenda. Akanishika uso kwa mikono miwili kwa huruma, akidhani ninakataa kuamini. Nilipiga simu ya Tata, imezimwa. Bila shaka ilikuwa imezimwa, yuko mbele ya kamati, lakini akili yangu haikufika huko. Nilikaa chini kwenye ngazi, na mimi pia nikaanza kulia.

Sisi watu wa huku msiba hautukuti tumekaa. Kabla jua halijapoa, walikuwa wamechagua kamati ya mazishi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa jirani, katibu msichana wa benki, na tayari kulikuwa na ubishi kama azikwe kwao Kalimoni au makaburini Lang'ata, Nairobi, kwa kuwa ni mtu wa serikali. Hakuna aliyeuliza mwili uko wapi. Ninajua unaona ajabu, lakini hivyo ndivyo tulivyo. Kuuliza mwili uko hospitali gani siku ya kwanza ni kama kuuliza kama kweli wana uhakika, na ni nani mwenye uso wa kuuliza hivyo? Kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyepewa habari na familia. Nilipopata nguvu nilimfuata mwenye tenti, mwanamume anayeitwa Baba Shiro mwenye kibanda chake karibu na stendi. Nikamuuliza ni nani aliyemwita.

"Kijana wa marehemu," akasema. "Alinipigia asubuhi, akalipa kwa simu, ya wiki nzima."

"Kijana yupi?"

"Kimani. Si ndiye mtoto wake? Anaongea kwa heshima sana. Alisema mamake hapendi tenti ya mistari, nilete nyeupe tupu." Akanitazama. "Ni nini? Mbona unaniangalia hivyo?"

Mchungaji alifika kuongoza maombi. Tulisimama wote, tukafumba macho, na akaanza kumwombea marehemu kwa sauti ile ya kupanda na kushuka, akimshukuru Mungu kwa maisha ya mjakazi wake Nyokabi, aliyepigana vita vizuri. Nilifumbua macho kwa sababu nilisikia harufu ya mafuta yake, yale ya nazi anayopaka mikononi. Alikuwa amesimama kiti cha pili kutoka kwangu. Suti yake ya kijivu, mkoba umebanwa kwapani, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa kama ya watu wengine. Alikuwa ameingia langoni wakati wote tumefumba na akajiunga tu. Sikuweza kupiga kelele. Mchungaji alipofika mwisho, Tata akasema "Amina" pamoja na umati, kwa sauti yake ya kawaida ya mahakamani, na hapo ndipo watu walipogeuka. Ngai, Mungu wangu! Viti viliruka. Mwenyekiti wa mazishi aliangukia kamba ya tenti. Mama mmoja alikimbia na mwiko mkononi na hakuonekana hadi Jumapili.

Tata alingoja kelele zitulie. Kisha akawaambia wakae, chai imeshachemka na haiwezi kumwagwa. Alipita mwenyewe na birika, mstari kwa mstari, akiwamiminia chai waombolezaji wake, na wao wakapokea vikombe bila kumtazama usoni. Hakuna aliyecheka. Ningependa kusema tulicheka, maana leo nikisimulia watu huanguka kwa kicheko, lakini si siku ile. Watu waliinuka mmoja mmoja wakaenda bila kuaga. Tangu jioni hiyo, muuza mahindi wa pale nje aliweka mahindi yake chini, Tata ayaokote mwenyewe, wasigusane mikono. Bungeni mbunge mmoja aliinuka akauliza, "Bwana Spika, tunajadili mtu au mzimu?" Nusu ya wabunge waligonga meza kwa furaha. Tulikuwa tukiwatazama kwenye runinga, Tata ameketi kando yangu, akila mukimo wa viazi na mahindi, na nikaona kijiko kimesimama njiani.

"Jiondoe," nikamwambia. Nilishindwa kunyamaza. "Tata, tafadhali. Watu wanaojua jina la Kimani, wanaojua hupendi tenti ya mistari, hao watashindwa kuingia humu ndani? Cheo ni nini? Utakifanyia nini?"

"Nitafikiria," akasema, na hilo lilinishangaza, maana nilitarajia anigombeze. Akauliza, bila kunitazama, "Baba Shiro alisema sauti ilikuwa ya mtu mzima au ya mtoto?"

"Ya mtu mzima."

"Ya miaka mingapi hivi?"

 Kama angekuwa hai, Kimani naye angekuwa mtu mzima. Tuliyajua hayo sote wawili.

Simu zilianza wiki iliyofuata, saa kumi alasiri, saa ambayo watoto wa shule hupita na mabegi yao na kelele zao. Namba ilikuwa imefichwa. Tata aliichukua jikoni, na nilimwona akisikiliza, mkono mwingine umeshika ukingo wa sinki. Alisema, "Wewe ni nani?" mara moja tu. Baada ya hapo alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akakata na kuendelea kuchambua mboga za terere. Nilipomuuliza alisema ni wale wale, wanamtaka aondoe jina. Siku ya pili ikalia tena, na ya tatu. Nilimsihi abadilishe namba, aripoti polisi, awaambie wanasheria wenzake. Kila mara alisema atafanya. Wakati huo nilikuwa na hofu mbaya. Nilifunga mlango wa SQ kwa komeo na kuuegemeza kiti, na bado nililala taa ikiwaka. Mchana nilitazama kila mwanamume wa umri ule aliyepita mbele ya lango, nikijiuliza kama ni yeye.

Siku moja Tata alikuwa bafuni simu ikalia mezani. Nilisema nitamtukana huyo mtu hadi achoke kusikia. Nikaichukua. Kabla sijafungua mdomo sauti ikasema, taratibu, yenye adabu, "Wairimu, niitie mami." Hapo hapo treni ikapita nje, vikombe vikatetemeka, na nikaisikia mara mbili, kwa sikio hili kupitia dirishani na kwa sikio lile kupitia simu. Honi ile ile, kwa wakati mmoja. Alikuwa hapo karibu. Nilitupa simu kwenye kochi nikakimbia hadi langoni bila viatu. Barabara ilikuwa na muuza mahindi, wasichana wawili wa shule wakigombania mwavuli, na mwanamume wa bodaboda amelala juu ya pikipiki yake, kofia usoni, mdomo wazi anakoroma. Nikarudi ndani, na Tata alikuwa amefika kwenye simu, taulo kichwani, ameketi kwenye kochi ameikunja miguu. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo. Alikuwa akiuliza, "Na umekula?"

Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Sioni aibu kusema, kila mtu angesikiliza. Ile sauti sikuisikia, niliyasikia tu majibu yake. "La, bado sijaamua... Ninajua unanijali... Hata mimi nimechoka nao... Hapana, usikasirike. Nipe siku chache nifikirie. Utapiga kesho?" Akacheka kidogo, kicheko cha chini ambacho sikukijua. "Haya. Vaa sweta, kuna baridi." Akakata. Aliniona, akainuka, akaenda kubandika maji ya ugali. Jioni hiyo nikakuta amefunika sahani ya tatu. Nilipoitazama akasema ni ya mlinzi wa jirani. Mlinzi wa jirani hakuwahi kuletewa sahani yoyote, nilimuuliza.

Yule mheshimiwa wa mazishini ndiye aliyekuwa akisimamia hoja yake bungeni siku hizo. Mwanamume mnene, mpole, alipenda nduma kuliko kitu chochote, na kila alipokuja nilimchemshia. Alikuja Jumamosi moja akiwa na furaha hata hakungoja kukaa. "Mama, tumewapata. Wale wa kusitasita wamerudi kwetu. Nikileta hoja Jumanne, tunapita. Tumalize hii kitu." Nilikuwa nikiingia na sahani, na niliona uso wa Tata. Ulikuwa na hofu. Miezi yote ile ya matusi, tenti, mizimu, sikuwa nimeona hofu usoni mwake, na sasa ilikuja kwa sababu ya habari njema.

"Jumanne ni mapema," akasema. "Ngojeni kidogo."

"Mama, hivyo ndivyo ulivyosema mwezi uliopita. Tulikuwa na kura, ukasema tungoje."

"Ngojeni. Najua ninachofanya."

Mheshimiwa akamwangalia kwa heshima kubwa. Alidhani anaona hesabu za mtu mjanja. Alikula nduma zake akaondoka, na nina hakika alikwenda kuwasimulia wenzake kwamba huyo mama ana roho ngumu, anataka kuwachosha maadui hadi waanguke wenyewe. Mimi niliingia jikoni nikiwa ninachemka.

"Kwa hiyo ni wewe," nikasema. "Miezi hii yote nawatukana wabunge, kumbe ni wewe unayewaambia wangoje. Hutaki kujiondoa na hutaki kupitishwa. Sasa unataka nini? Tata, unataka nini hasa? Mimi silali humu ndani!"

Alikuwa akiosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. "Anataka nijitoe," akasema. "Nikijitoa, kazi yake imekwisha. Wakipiga kura, imekwisha pia." Akazima maji. "Baada ya hapo atakuwa na sababu gani ya kunipigia?"

"Tata, yule si Kimani."

"Unadhani sijui?" Sauti ilipanda mara moja tu, kisha ikashuka. "Mimi ndiye niliyemvalisha nguo za mwisho, Wairimu. Mimi nilimfunga viatu. Ni kijana fulani amelipwa, amepewa mambo yetu ayakariri. Wakati mwingine anakosea, alisema nilikuwa nikimpikia samaki na Kimani hakula samaki. Najua. Lakini kila siku saa kumi kuna mtu ananiita mami. Wewe una miaka ishirini na kitu, mama yako yuko nyumbani, hujui unaniambia niache nini."

Nilitaka kumshika na nikaogopa kumshika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Niliogopa mikono yake, kama yule muuza mahindi. Nilitoka nikaenda kuketi chini ya kamba ya nguo hadi mashati yaliyokauka yakaanza kuloa umande. Hatukuzungumza tena jambo hilo, si mwaka ule wala miaka yote iliyofuata, hata nilipokuja kuwa wakili na kusimama mbele yake mahakamani, nikiinama na kumwita Mheshimiwa kama wengine.

Hoja haikumngoja tena. Upande ule mwingine uligombana wenyewe kwa wenyewe juu ya mambo yao, na yule mheshimiwa, kwa kuogopa kuchelewa, akaileta bungeni asubuhi moja bila kutuambia. Walibishana hadi sauti zikakauka, wakapiga kura, na mchana, saa nane imepita, Spika akasema waliokubali wameshinda. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Ndani ya muda mfupi watu walijaa: wanawake wa jumuiya na vigelegele, mwalimu mkuu mstaafu kwa tai, Baba Shiro na viti ambavyo hakuna aliyeviagiza, hata wazee wa lile shamba la kahawa, wamekuja kwa miguu na kreti ya soda. Wale wale waliokuwa wakiogopa kumgusa sasa walimkumbatia hadi kilemba kikaanguka. Muuza mahindi alimshika mikono yote miwili akalia. Nikasema moyoni, imekwisha, atakuwa sawa.

Nilimtafuta kumpa chai nikamkosa. Alikuwa jikoni peke yake, mlango umerudishwa, ameketi kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi. Simu ilikuwa mapajani, kioo juu, akikigusa kwa kidole ili kisizime. Nje watoto wa shule walikuwa wakipita. Uwanjani walikuwa wakiimba na kupiga debe na vifuniko vya sufuria, nyumba yote ilikuwa ikitikisika. Aliinua kichwa akanitazama, macho makavu kabisa.

"Wairimu," akasema, "waambie wapunguze sauti. Ikilia sitaisikia."

Nilitoka nje nikawaomba wanyamaze. Walidhani Jaji anakuja kuzungumza nao. Wakanyamaza wote, watoto wakazibwa midomo, wazee wakavua kofia, wakageukia mlango wa jikoni, wakangoja.